Yoshua mwana wa Nuni: Mzee Aliyepokea Shamba Mwisho

Juma lililopita tulimwacha Musa juu ya mlima Nebo, akiitazama kwa macho nchi ambayo hakuruhusiwa kuikanyaga. Juma hili tunamfuata yule aliyeachiwa kazi. Tukisikia jina la Yoshua wengi wetu tunafikiria Yeriko tu, tarumbeta na ukuta kuanguka, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa Sande Skuli. Lakini Yeriko ilikuwa siku saba katika maisha ya miaka 110. Kazi yenyewe ya mzee huyu ilikuwa ngumu kuliko ukuta. Alikabidhiwa makabila kumi na mawili, kila moja na wazee wake, mifugo yake na vinyongo vyake vya zamani, akaambiwa ayavushe mto, ayagawie ardhi, na yabaki kuwa watu wa Mungu mmoja. Sasa wewe uliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kugawa ekari tatu za marehemu baba, hebu fikiria.

Alizaliwa utumwani Misri, wa kabila la Efraimu. Jina lake la kwanza lilikuwa Hoshea. Ni Musa aliyemwita Yoshua, maana yake Bwana ni wokovu. Tunakutana naye mara ya kwanza kule Refidimu, Waamaleki walipowavamia Israeli wakiwa bado wachovu wa safari. Musa alipanda kilimani na fimbo, Haruni na Huri wakamshikilia mikono, na kijana huyu akapelekwa bondeni kupigana. Huko bondeni hakuweza kujua mikono ya mzee imeshuka saa ngapi na imeinuliwa saa ngapi. Alichojua ni kwamba mara wanashinda, mara wanasukumwa nyuma. Ushindi ulipopatikana jioni, Mungu alimwagiza Musa auandike na kuuweka masikioni mwa Yoshua, asije akasahau ulitoka wapi.

Baada ya hapo tunamwona miaka mingi akiwa mtumishi tu. Musa akipanda Sinai, yeye anangoja huko mlimani. Musa akitoka kwenye hema ya kukutania, yeye anabaki ndani. Siku hizi kijana akishika maiki mara mbili anataka aitwe Bishop. Yoshua alibeba mizigo ya mwingine karibu miaka arobaini.

Alikuwa na kasoro pia, na Biblia haikuificha. Soma Hesabu 11. Roho alipowashukia wale wazee sabini, wawili kati ya walioandikwa, Eldadi na Medadi, hawakuwa wamefika hemani. Walibaki kambini, na Roho akawashukia hukohuko, wakatabiri. Kijana mmoja akakimbia kuleta habari. Yoshua akaruka juu akamtaka Musa awakataze. Aliona heshima ya mkubwa wake inaguswa, na jambo la Mungu linafanyika mahali ambapo halikupangwa. Musa alimuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Naomba msomaji alishike tukio hili, kwa sababu miaka mingi baadaye Israeli yote ilikaribia kuchinjana kwa kosa lilelile.

Habari ya wale wapelelezi kumi na wawili mnaijua, nitaipita haraka. Walizunguka Kanaani siku 40. Kumi wakarudi na hofu, wawili wakarudi na imani, yaani Kalebu wa Yuda na Yoshua wa Efraimu. Makutano walitaka kuwapiga mawe hao wawili. Jambo ambalo hatulisemi sana ni kwamba wenye imani waliadhibiwa pamoja na wasio na imani. Yoshua alijua nchi ni nzuri, alikuwa amezila zabibu zake au angalau amezibeba, lakini akatembea jangwani miaka yote ile na watu waliokuwa wamemwokotea mawe. Hakuanzisha kambi yake na Kalebu upande wa pili. Alizika kizazi kizima, mmoja mmoja, akabaki nao.

Musa alipokaribia kufa alimwomba Mungu mtu wa kusimamia makutano wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Hakumtaja mwanawe, ingawa alikuwa na wana. Mungu alimwonyesha Yoshua, naye Musa akamwekea mikono mbele ya kuhani Eleazari na watu wote, mchana kweupe. Hakuna aliyesema baadaye kwamba uongozi ulipitia mlango wa nyuma.

Lakini kabla ya kuvuka kulikuwa na shida moja. Kabila la Rubeni na la Gadi walikuwa na mifugo mingi sana. Walipoona nchi ya Yazeri na Gileadi, mashariki ya Yordani, waliona malisho, wakaomba wapewe hapo hapo. Musa alikasirika. Ndugu zao waende vitani, na wao wakae na ng'ombe? Wakaahidi kwamba wataacha wake, watoto na mifugo ng'ambo hii, na wanaume wavuke wakiwa na silaha, mbele kabisa, wasirudi mpaka kila kabila limepata lake. Nusu ya kabila la Manase nao wakapata fungu upande huo.

Yoshua alipochukua uongozi, moja ya mambo yake ya kwanza ilikuwa kuwakumbusha ahadi hiyo. Wakakubali. Watu wapatao 40,000 walivuka wakiwa na silaha. Walivuka kupigania mashamba ambayo si yao. Kwa hesabu ya umri anaoutaja Kalebu, vita vilichukua kama miaka saba. Miaka saba baba hayuko nyumbani, na shamba lake yeye tayari analo!

Wazee wetu wa Meru nao wana masimulizi ya kuvuka maji. Husimulia juu ya Koomenjwe, aliyewatoa watu utumwani Mbwaa, wakavuka kwa makundi. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ndune, wekundu. Na waliovuka jua likiwa limetoka wakaitwa Njeru, weupe. Simulizi hiyo si Neno la Mungu na siiweki sawa na Neno. Lakini inasema jambo moja ambalo hata mtoto wa Igembe au wa Mwimbi analielewa. Watu wanaweza kuvuka saa tofauti, wakaitwa majina tofauti, na bado maji yakawa yaleyale na ukingo uleule.

Pale Yordani, wakati wa mavuno mto ukiwa umefurika mpaka kingo zake, makuhani walikanyaga maji wakiwa na sanduku la agano, na maji yakasimama mbali kule mji wa Adamu. Yoshua aliteua mtu mmoja kutoka kila kabila, kila mmoja akabeba jiwe begani kutoka katikati ya mto. Mawe kumi na mawili yakasimamishwa Gilgali. Yale makabila mawili na nusu yenye mashamba mashariki yalibeba jiwe lao kama wengine.

Yeriko ilianguka. Kisha huko Ai watu 36 walikufa kwa sababu ya dhambi ya Akani wa kabila la Yuda, na Yoshua akalala kifudifudi mpaka jioni. Mtu mmoja alificha vazi, fedha na kabari ya dhahabu chini ya hema lake, na jumuiya nzima ikashindwa vita. Tutakutana na jina la Akani tena.

Hapa niseme wazi. Vita vya Kanaani ni sura ngumu kusoma, na hakuna aliyetumwa na Mungu leo kuvirudia. Sisi tunaoujua mzozo wa mpaka wa Tharaka na Tigania, nyumba zilizochomwa na watu waliohama na watoto mgongoni, hatuna ruhusa ya kumgeuza Yoshua kuwa kisingizio cha panga. Tena ukimsoma vizuri utaona siku yake kubwa kuliko zote alipigana kuwaokoa Wakanaani.

Ilikuwa hivi. Wahivi wa Gibeoni waliogopa, wakatumia ujanja. Wakavaa viatu vilivyoraruka na kushonwa, wakabeba mkate mkavu wenye ukungu na viriba vikuukuu, wakadai wametoka nchi ya mbali sana. Yoshua na wazee waliangalia mkate, hawakumuuliza Bwana. Wakala kiapo cha amani. Baada ya siku tatu wakagundua kumbe hawa ni majirani. Watu wote wakanung'unika, na walikuwa na sababu. Wakili yeyote angesema mkataba wa udanganyifu hauna nguvu. Lakini kiapo kilikuwa kimeliwa kwa jina la Bwana, na Yoshua hakukubali kukivunja. Aliwakemea, akawafanya wapasua kuni na wachota maji wa madhabahu, na hakuna aliyewagusa.

Haikuchukua muda wafalme watano wakaja kuipiga Gibeoni. Hapo kiongozi mwingine angekunja mikono. Waliotudanganya wamalizwe na wenzao, shida imekwisha. Yoshua alitembea usiku kucha kutoka Gilgali na jeshi lake kwenda kuwatetea. Ni siku hiyo mvua ya mawe ilinyesha, na jua likasimama juu ya Gibeoni na mwezi katika bonde la Aiyaloni. Tunahubiri sana jua lililosimama na tunasahau lilisimamia nini. Lilisimama kwa ajili ya ahadi iliyotolewa kwa makosa na ikatunzwa. Hata wazee wetu wa zamani, kabla ya Injili kufika Meru, walijua kiapo si mchezo. Miaka mingi baadaye mfalme Sauli alijaribu kuwamaliza Wagibeoni, na Israeli ikaona njaa miaka mitatu wakati wa Daudi.

Vita vilipopoa ikaja kazi ya ardhi, na hapo ndipo mzee alipimwa kweli. Biblia inataja wafalme 31 walioshindwa katika sura moja, lakini inatumia sura karibu tisa kuandika mipaka. Wengi wetu tukifika hapo tunaruka kurasa. Mkulima hawezi kuziruka. Makabila saba yalikuwa bado hayajapata kitu, na Yoshua akawauliza watakaa hivyo mpaka lini. Akaagiza watu watatu kutoka kila kabila, watu 21, waizunguke nchi, waipime na kuiandika katika kitabu. Ndipo kura ikapigwa Shilo, mbele za Bwana, mlangoni pa hema ya kukutania, Eleazari akiwepo. Hakuna shamba lililogawanywa usiku ofisini.

Kabila lake mwenyewe lilikuwa la kwanza kumjaribu. Wana wa Yusufu, yaani Efraimu na Manase, walimwendea wakilalamika kwamba wao ni wengi na fungu ni dogo. Walitegemea nini? Huyu ni kijana wetu, bila shaka atatukumbuka. Yoshua aliwajibu kwamba kama ni wengi hivyo, msitu uko kule juu mlimani, wapande wakaufyeke. Waliposema Wakanaani wa bondeni wana magari ya chuma, hakubadilisha neno. Nafikiri usiku huo huko Efraimu alitukanwa sana.

Wakati huohuo mabinti watano walisimama mbele yake: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao Selofehadi wa Manase alikufa jangwani bila mwana wa kiume, na Musa alikuwa amewaahidi urithi kwa neno la Mungu. Musa sasa ni marehemu. Ni mara ngapi ahadi ya marehemu inafia kaburini pamoja naye? Yoshua aliwapa fungu kati ya ndugu za baba yao, bila kuwazungusha. Kwetu Kenya Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981, Katiba ya 2010 ikakaza zaidi, na bado kuna dada zetu, kutoka Maua mpaka Siakago, wanaofukuzwa kwenye shamba la baba na ndugu zao waliookoka.

Kalebu naye akaja, na miaka yake 85, akiomba si bonde zuri bali mlima wa Hebroni wenye majitu. Akabarikiwa akapewa. Walawi wakapewa miji 48. Miji sita ikatengwa iwe kimbilio la aliyeua bila kukusudia. Kila mtu alipokwisha kupata, ndipo wana wa Israeli wakampa Yoshua urithi wake, mji alioutaka, Timnath-sera, katika nchi ya vilima ya Efraimu. Ulihitaji kujengwa, akaujenga, akakaa humo. Aliyeshika kamba ya kupimia nchi nzima alikuwa wa mwisho kupata.

Sasa tufike kwenye sura ya 22, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Wale wa mashariki walikuwa wametimiza ahadi yao. Yoshua akawaita, akawashukuru, akawabariki, akawaruhusu warudi Gileadi na mifugo mingi, fedha, dhahabu, shaba na mavazi, wakagawane na ndugu zao. Wakaondoka Shilo. Walipofika Yordani wakajenga madhabahu kubwa, ya kuonekana kwa mbali.

Habari ikafika kwa wengine kwamba wale wa ng'ambo wamejenga madhabahu yao. Na sheria ilikuwa moja, sadaka mahali pamoja. Mkutano wote ukakusanyika Shilo ili wakapigane nao. Watu waliolala nao kwenye mahandaki miaka saba, waliowazika ndugu zao pamoja, sasa wanawanolea mapanga, na hakuna aliyewauliza kitu.

Niruhusuni nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya kanisa dogo ambalo sitalitaja. Tulisikia washirika wa ng'ambo ya mto wanachanga mabati. Tukasema hao wanajitenga, wameshapata pastor wao. Hatukuvuka kwenda kuwauliza, ingawa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tuliandika barua ya kuwasimamisha ushirika. Kumbe mvua ilipojaza mto, wazee na watoto wao hawakuweza kuvuka, nao walitaka kibanda cha kuombea siku hizo tu. Tulipojua, familia saba zilikuwa zimeondoka, na mpaka leo hazijarudi. Barua ile niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Israeli walifanya vizuri kuliko sisi. Kabla ya jeshi, walituma ujumbe: Finehasi mwana wa kuhani Eleazari, na wakuu kumi, mmoja kutoka kila kabila. Finehasi ndiye yule aliyechukua mkuki kule Peori wakati wa Musa. Kama ni mtu wa mkuki, ndiye. Lakini safari hii alivuka mto akaanza kwa kusema. Maneno yake yalikuwa makali. Aliwakumbusha Peori, akawakumbusha Akani, jinsi dhambi ya mmoja ilivyowaangukia wote. Ila katikati ya ukali aliweka jambo la ajabu. Kama nchi yao ya mashariki wanaiona si safi, basi wavuke warudi, wapewe ardhi kati ya ndugu zao. Yaani makabila ya magharibi walikuwa tayari kupunguza mashamba yao, yaliyopimwa juzi tu, kuliko kumpoteza ndugu.

Kisha wakanyamaza wakasikiliza. Nao Rubeni, Gadi na nusu ya Manase wakaeleza, wakimwita Mungu awe shahidi. Madhabahu ile haikuwa ya kuteketeza wala ya kuchinja. Waliijenga kwa hofu. Waliona mto uko katikati, wakawaza kwamba siku moja watoto wa magharibi watawaambia watoto wao kwamba Yordani ni mpaka, na kwamba wao hawana sehemu kwa Bwana. Basi wakajenga mfano wa madhabahu ya Bwana usimame hapo uwaambie watoto wa pande zote mbili kwamba baba zao walimwabudu Mungu mmoja. Kilichoonekana kuwa kujitenga kilikuwa ni woga wa kutengwa.

Finehasi na wakuu walipendezwa. Walirudi Kanaani na habari, watu wakamhimidi Mungu, na hakuna aliyezungumza vita tena. Madhabahu ikaitwa Shahidi. Ukitoka Chuka kwenda Runyenjes unavuka Thuci kwa dakika moja kwenye gari, na wengi hawageuzi hata shingo. Lakini tangu serikali za kaunti zianze 2013, nimesikia waumini, watu waliookoka, wakisema wale wa ng'ambo kana kwamba Thuci ni bahari. Nimesikia pia upande huu na upande ule wa Imenti na Nyambene. Finehasi alikwenda kwa miguu mpaka Gileadi.

Yoshua alizeeka. Aliwaita wazee, vichwa, waamuzi na maakida, kisha akakusanya makabila yote Shekemu, mahali ambapo Abrahamu alijenga madhabahu zamani. Hakuwapa hotuba ya ushindi wake. Alianza na Tera, baba yake Abrahamu, aliyeabudu miungu mingine, akawapitisha hatua kwa hatua mambo ambayo Bwana alitenda, akawaambia nchi wanayokalia ina miji wasiyoijenga na mizabibu wasiyoipanda. Akawataka wachague wa kumtumikia, naye akatangaza alikosimama yeye na nyumba yake. Walipojibu haraka haraka kwamba watamtumikia Bwana, hakufurahia haraka yao. Aliwaonya kwamba hawataweza kirahisi. Wakasisitiza. Ndipo akafanya agano, akaliandika, akasimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni.

Kuna swali moja ambalo wachungaji huulizana. Musa alimwandaa Yoshua. Yoshua alimwandaa nani? Hatuoni jina. Wazee waliokuwa pamoja naye waliendelea kuwashikilia watu, na Israeli walimtumikia Bwana siku zote za wazee hao. Walipokufa nao, kikaja kizazi kisichomjua Bwana wala kazi aliyoitenda, na kitabu cha Waamuzi kinafunguka hapo. Mimi sithubutu kumhukumu mzee, lakini pengo hilo lipo kwenye maandiko na tunaliona.

Alikufa na miaka 110, umri uleule wa Yusufu babu yake. Walimzika katika mpaka wa urithi wake, Timnath-sera, kaskazini ya mlima Gaashi. Mifupa ya Yusufu, iliyobebwa kutoka Misri jangwani miaka yote hiyo, ikazikwa Shekemu. Eleazari naye akafa, wakamzika kilimani pa mwanawe Finehasi, ardhi aliyopewa huko Efraimu.